Kamera za polisi Nairobi: zinamwona nani hasa?

#1 Mteja wa Odeon
Wadau, habari za jioni. Nina swali, na naomba nisijibiwe kwa matusi.

Juzi niko Tom Mboya, karibu na Odeon, saa ya watu kukimbilia matatu. Simu ikanyakuliwa mkononi. Yule jamaa hata hakukimbia. Alimpasia mwenzake, mwenzake akavuka barabara, basi, kimeisha. Kuinua macho, naona mlingoti wa kamera umesimama juu ya kichwa changu, ile nyeupe ya duara inayozunguka. Nikajiambia leo wamepatikana. Nikaenda kituoni (sitakitaja), nikaandikisha, nikapewa namba ya OB, kile kitabu cha matukio. Nikamwambia afisa wa zamu: pale pana kamera, na saa ya tukio ninayo mpaka dakika. Akaniangalia, akaniuliza, "Na hiyo video umekuja nayo?"

Sasa hizi kamera zilinunuliwa zifanye kazi gani? Zinazuia wizi, zinakamata wezi, au zinangoja mheshimiwa apite? Aliyewahi kurudishiwa hata kitana kwa sababu ya kamera ya serikali ajitokeze.

#2 Shemeji wa Kayole
Pole sana. Lakini kaka, simu unaitoa Odeon jioni unatafuta nini? Pale hata miwani tunashikilia.

#3 Kunguru wa Ngara
Zile ziliwekwa baada ya shambulio la hoteli ya Dusit. Ni za magaidi. Mwizi wa simu si gaidi, kwa hivyo kamera ilikuona, ikakupuuza.

#4 Karani Milimani
@Kunguru, miaka umeichanganya. Dusit ni Januari 2019. Mkataba wa kamera ulitiwa saini Novemba 2014, kati ya serikali na Safaricom, shilingi bilioni 14.9. Kilichosukuma ni shambulio la jengo la maduka la Westgate, Septemba 2013, watu 67 walipouawa, halafu shambulio la Mpeketoni Juni 2014. Safaricom walipewa kazi moja kwa moja bila zabuni ya ushindani, wabunge wakapiga kelele, kazi ikasimama kidogo, kisha ikaruhusiwa. Ahadi ilikuwa kamera 1,800 Nairobi na Mombasa, vituo 195 vya polisi viunganishwe, picha ziende kituo kikuu Jogoo House. Mitambo ni ya Huawei.

Hilo la ugaidi lakini lina ukweli. Mradi ulizaliwa na hofu ile, haukuzaliwa na kilio cha mtu aliyenyang'anywa simu.

#5 Kunguru wa Ngara
Asante mwalimu. Nimesema ni za magaidi, umeandika aya mbili kusema ni za magaidi.

#6 Bin Shebe
Salaam kutoka Mombasa. Chukueni hizo 1,800, mtugawie na sisi fungu letu, mtoe barabara kuu, mizunguko, na milango ya ofisi za wakubwa. Vichochoroni mnabaki na ngapi? Mwizi hatembei Uhuru Highway kwa miguu. Yuko nyuma ya soko, na nyuma ya soko hapana mlingoti.

#7 Mteja wa Odeon
Bin Shebe, mimi nimeibiwa CHINI ya mlingoti.

#8 Askari Mstaafu
Nimeisoma yote. Nilivaa sare miaka mingi, sitasema wapi. Naona mnachanganya kazi mbili.

Kazi ya kwanza ni kuzuia. Ili kamera izuie, lazima mtu awe anaitazama saa hiyohiyo, aone, aelewe anachoona, apige redio, na kuwe na askari wa miguu karibu. Sasa mpe afisa mmoja ukuta wa skrini tangu asubuhi. Tom Mboya jioni watu wanasukumana, wanashikana mikono, wanakimbilia gari. Unyakuzi wa simu ni nusu sekunde, na kwenye skrini unafanana na watu wawili waliogongana. Afisa huyo hajalala, macho yapo, lakini yanatazama bila kuona.

Kazi ya pili ni kupeleleza. Hapo ndipo kamera inalipa, lakini inahitaji mpelelezi aliyepewa faili, aandike kuomba picha, akubaliwe, akae chini atazame masaa ya watu wakipita. Kituo kina faili za mauaji, ubakaji, wizi wa mabavu. Simu yako mwenyewe unaiona iko wapi kwenye foleni hiyo. Yule afisa aliyekuuliza umekuja na video alikosa adabu, sikatai. Lakini alikwambia ukweli wa kazi.

#9 Shemeji wa Kayole
Afande amesema vizuri, mpaka nimesahau kumkasirikia.

#10 Jirani wa Muchatha
Mimi nasema kamera zinafanya kazi WAKITAKA. Dusit ni mfano. Kamera za lile jengo la Riverside ziliwaonyesha washambuliaji wakiingia. Gari lililowaleta likafuatiliwa mpaka nyumba waliyopanga huku kwetu Muchatha, Kiambu. Kabla vumbi halijatulia polisi walikuwa getini. Hakuna aliyeulizwa kama amekuja na video.

#11 Karani Milimani
@Jirani, zingatia jambo moja: zile kamera zilikuwa za jengo, si za polisi. Na gari peke yake halikutosha, rekodi za simu pia zilifanya kazi kubwa. Ukichunguza kesi nyingi kubwa za jiji hili utaona hivyo hivyo, kamera ya mtu binafsi na laini ya simu.

#12 Kunguru wa Ngara
Westgate nayo ilikuwa na kamera. Zikarekodi magaidi, halafu zikarekodi wanajeshi wetu wakitoka supamaketi ya Nakumatt na mifuko myeupe. Mkuu wa majeshi akasema walibeba maji.

#13 Bin Shebe
😂 Maji hayo yalikuwa na betri na chaja.

#14 Karani Milimani
Kwa rekodi: baadaye jeshi lenyewe lilisema wanajeshi wawili wamefukuzwa na kufungwa kwa uporaji. Bila zile video sidhani kama hata hao wawili wangepatikana.

#15 Fundi wa Luthuli
Nimekawia, nilikuwa juu ya ngazi. Nafunga kamera kuanzia Luthuli Avenue hadi Rongai, niwape ya jikoni.

Ile ya kwenye filamu, mtu anakuza picha mpaka anasoma namba ya gari kwenye kioo cha duka la pili, isahauni. Kamera ya barabarani imepangwa ione eneo zima. Ukiwa mbali kidogo, uso wako ni madoa machache ya rangi. Ukikuza, unakuza madoa.

Usiku ndio balaa. Kamera inawasha miale ambayo jicho halioni. Wadudu wanakuja, buibui anafuata wadudu, anatega mbele ya lenzi kabisa. Miale ikiupiga ule utando, picha yote inageuka maziwa. Nimeitwa mara nyingi na mwenye duka ambaye ameshasadiki mashine imeungua. Napanda na brashi ya rangi, nafagia utando mmoja, nashuka, nalipwa. Namba ya gari nayo imetengenezwa irudishe mwanga. Kamera isipopangwa kwa ajili hiyo, usiku unaona mstatili mweupe unaong'aa. Bodaboda hata hahitaji hilo, anaikunja namba juu au anaipaka tope.

Halafu saa. Stima ikipotea, na betri ndogo ndani ya mashine ikiwa imekufa, tarehe inarudi mwanzo. Nimeona kwa macho yangu video ya wizi wa juzi inayosema imerekodiwa Januari 1, 2000, saa sita na nusu usiku, na jua linawaka.

Na diski ikijaa mashine inaandika juu ya picha za zamani. Duka dogo unapata wiki mbili, tatu, ukibahatika mwezi. Barua ya mpelelezi ikifika mwezi wa pili, nampa chai na pole.

#16 Mama Pendo
Fundi nimecheka hapo kwa buibui, maana ndiye aliyeniibia! Nina duka la nguo Eastleigh. Walikuja watatu, mmoja akanishika na bei, hii ngapi, punguza, ile je, wa pili akawa anapima mlangoni, wa tatu sikumwona kabisa. Kufunga duka, rafu ya juu haina madera. Kamera ya mlangoni imejaa utando, haionyeshi kitu. Ila ya ndani ilimshika yule wa tatu akikunja moja moja, taratibu, tena vizuri kuliko msichana wangu wa kazi.

Nilipeleka kituoni, nikapewa OB. Lakini kabla ya hapo nilikuwa nimeitupa kwenye kikundi cha WhatsApp cha wenye maduka ya jengo letu na la jirani. Wakajulikana siku walipoingia duka lingine. Mlinzi alifunga mlango wa chuma, polisi wakaitwa wakiwa tayari wamekaliwa kitako.

#17 Askari Mstaafu
Mama Pendo, hiyo ndiyo kazi ya kamera mnayoisahau. Anayemjua mtu ni mtu. Kwenye upelelezi tulikuwa tunachapisha picha tunampelekea chifu, wazee wa Nyumba Kumi, makanga wa steji. Dakika tano unapata jina, jina la utani na nyumba ya shangazi yake.

#18 Karani Milimani
Na mahakamani mambo yanaanza upya. Kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinataka cheti chenye saini ya mtu mwenye dhamana juu ya kile kifaa, kieleze rekodi imetolewaje na kwa mtambo gani. Nimekaa kortini nikaona mpelelezi analeta video nzuri, mwizi uso mzima, lakini ameipata kwa WhatsApp kutoka kwa mtu aliyeipata kwa mtu. Hana cheti, aliyeinakili hajulikani, saa ya video na saa ya hati ya mashtaka hazipatani (Fundi ametueleza kwa nini). Wakili wa utetezi anasimama dakika tatu tu.

Kwa hivyo ukiniuliza mimi, kizuizi si kamera wala polisi wa doria. Ni karatasi.

#19 Fundi wa Luthuli
Ni kweli, nimewahi kuitwa nishuhudie. Kesi ikaahirishwa, ikaahirishwa tena, nauli yangu, siku yangu ya kazi. Wakipiga tena nitakuwa Rongai.

#20 Shemeji wa Kayole
Kumbe mhusika tunaye humu 😂

#21 Msomi wa Usiku
Niwaongezee ya nje kidogo. Mwaka 2019 watafiti Piza, Welsh, Farrington na Thomas walikusanya tafiti za miaka 40 kuhusu kamera. Kwa jumla uhalifu ulipungua karibu asilimia 13 ukilinganisha na sehemu zisizowekwa kamera. Nafuu kubwa ilionekana kwenye maegesho ya magari. Ujambazi wa nguvu haukuguswa kwa kiasi cha kujivunia. Na kamera zilizokuwa na watu wanaozitazama kwa bidii, pamoja na hatua nyingine, zilifanya vizuri kuliko zilizofungwa zikaachwa.

Chicago, Marekani, nako watafiti waliangalia mitaa miwili. Humboldt Park uhalifu ukashuka, West Garfield Park haukubadilika. Maelezo yao mojawapo ni kwamba Humboldt Park kamera zilikuwa zimekaribiana zaidi.

#22 Bin Shebe
Yaani simu ya Mteja ingekuwa imeegeshwa, ingekuwa salama.

#23 Kunguru wa Ngara
Asilimia 13 ya wapi? Huko mtu akipiga simu gari la polisi linakuja. Huku ukipiga unaulizwa kama una mafuta ya gari.

#24 Msomi wa Usiku
@Kunguru, ndiyo maana nimesema "pamoja na hatua nyingine". Nyingi ya tafiti hizo ni za Ulaya na Marekani. Kuzihamisha hadi River Road kunataka tahadhari.

#25 Mtoto wa Githurai
Wazee wangu, shikamooni. Mnazunguka tu. Mnasema karatasi, buibui, macho kuchoka. Juni 2024 vijana walipoandamana, walichukuliwa majumbani na watu wasio na sare kwenye magari yasiyojulikana. Wao walionekana vipi, utando haukuwepo?

Na Juni 2025, mwalimu na bloga Albert Ojwang alipofia mikononi mwa polisi Central, kamera za kituo zilitarajiwa kusema. IPOA, mamlaka ya kusimamia mwenendo wa polisi, wakaenda Seneti wakaeleza kwamba mfumo wa kamera ulikuwa umechezewa. Wiki hiyohiyo, mchuuzi wa barakoa akapigwa risasi karibu kabisa, katikati ya jiji, mchana. Kilichotuonyesha ni simu za watu na kamera za wanahabari. Sikusikia milingoti ikitoa neno.

Kamera ya serikali humwona raia. Simu ya raia humwona serikali. Ndivyo ilivyo.

#26 Askari Mstaafu
Kijana, marahaba. La Ojwang sitalitetea, na maafisa walishtakiwa kwa mauaji. Lakini usitie wote kapu moja. Wale waliofuatwa majumbani wengi walifuatwa kwa simu zao na kurasa zao za mitandao, si kwa mlingoti wa barabarani. Mlingoti haujui unalala wapi.

#27 Mtoto wa Githurai
Na hiyo ndiyo ya kunifariji?

#28 Karani Milimani
Mtoto ana hoja, lakini hiyo "wiki hiyohiyo" airekebishe. Ojwang alifariki usiku wa kuamkia Juni 8, mchuuzi alipigwa Juni 17. Na kuhusu simu za watu kushinda milingoti: Aprili 2025 wanahabari wa BBC walionyesha walivyochambua picha na video zaidi ya elfu tano za siku ile ya Bunge kuvamiwa, Juni 2024, wakawatambua waliofyatua risasi. Picha zilitoka kwa watu wa kawaida na wapiga picha. Kwa hivyo uwezo wa kupanga video, kulinganisha saa, kufuata mtu mmoja kutoka picha hadi picha, upo duniani na hauhitaji mabilioni. Swali ni nani anauagiza.

#29 Msomi wa Usiku
Na kabla hatujaanza kudai mashine za kutambua sura, someni ya Detroit, Marekani. Januari 2020 polisi walimkamata Robert Williams nyumbani kwake mbele ya mke na wanawe. Kamera ya duka ilikuwa imemrekodi mwizi wa saa mwaka 2018, programu ikachagua uso wake kutoka picha za leseni. Hakuwa yeye. Alikaa ndani kama saa 30. Alipoonyeshwa picha aliiweka kando ya uso wake, wasione kufanana.

#30 Mama Pendo
Subhanallah. Na yule alikuwa na leseni. Wa kwetu asiye hata na kitambulisho?

#31 Shemeji wa Kayole
Mimi nina nadharia ya maskini. Kwetu Kayole kilichopunguza ngeta, ule wizi wa kukabwa shingo, si kamera, ni ile taa kubwa ya mulika mwizi iliyowekwa karibu na steji. Usiku ukawa mchana, mama wa mahindi akasogea chini yake, wa chapati akafuata, bodaboda wakaegesha. Mtu atakupigaje ngeta mbele ya wateja wa chapati? Taa ilipozima, mama wa mahindi alirudi karibu na nyumba, na wezi wakarudi palepale, bila hata kuchelewa. Ilikaa gizani mpaka tulipoacha kuulizia.

#32 Bin Shebe
Shemeji leo umesema neno. Lakini wale wezi walipoondoka hapo kwa taa, walikwenda wapi? Walistaafu?

#33 Shemeji wa Kayole
Walikwenda Umoja. Hilo ni la watu wa Umoja.

#34 Kunguru wa Ngara
Watu wa Umoja walikwenda Odeon wakamkuta Mteja 😂😂

#35 Mteja wa Odeon
Chekeni tu. Wacha niwaambie nilichofanya. Nilirudi pale mchana nikauliza duka la miwani kama kamera yao inaangalia barabara. Kijana alikuwa muungwana, akanionyesha skrini. Inaangalia barabara vizuri sana, kuanzia magotini kwenda chini. Nimeviona viatu vya mwizi wangu. Ni raba nyeupe zenye mstari mwekundu. Nairobi nzima imevaa raba hizo.

#36 Fundi wa Luthuli
Hiyo imefungwa na mtu aliyeogopa ngazi. Mteja, mpe huyo kijana namba yangu. Nami nikiri la biashara: kamera nyingi mnazoziogopa madukani ni maganda matupu, zina taa nyekundu inayopepesa kwa betri. Nawauzia, na wenye maduka wanarudi kununua nyingine. Sasa Msomi atuambie hiyo ni asilimia ngapi.

#37 Msomi wa Usiku
Inafanya kazi mpaka mwizi wa kwanza ajue. Baada ya hapo umemwekea taa ya kuonea.

#38 Nyumba ya Tatu Pipeline
Samahani kuingilia. Kwetu mwenye nyumba ameweka kamera kwenye ngazi na moja inatazama mlango wangu moja kwa moja. Mlinzi anajua nani kaja kwangu na kaondoka saa ngapi, na anasimulia. Juzi kipande cha mpangaji wa juu akigombana na mumewe kilifika kwenye kikundi cha ploti. Hii nayo ni usalama?

#39 Shemeji wa Kayole
Dada, ni nani aliyekuja na kuondoka? Tunauliza kwa ajili ya usalama.

#40 Karani Milimani
Shemeji, acha. Dada, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamhusu mwenye nyumba pia. Kurekodi ngazi kwa usalama kunaweza kutetewa, ila wapangaji wanapaswa kujulishwa, na kusambaza kipande kile kwenye kikundi hakuna utetezi. Lalamika ofisi ya Kamishna wa Data. Mwaka 2023 klabu moja ya Nairobi ilitozwa shilingi 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila ridhaa yake. Msamaha wa sheria hiyo upo kwa mambo ya usalama wa taifa, na ndiyo sababu polisi ni vigumu kuwabana kwayo. Mlinzi wa ploti si usalama wa taifa.

#41 Mtoto wa Githurai
Hapo umegusa penyewe. Mlinzi anashtakiwa, mlingoti haushtakiwi.

#42 Askari Mstaafu
Ibara ya 31 ya Katiba ina faragha ya kila mtu, hata mbele ya polisi. Unaweza kwenda Mahakama Kuu.

#43 Mtoto wa Githurai
Afande, na nauli utanipa? Muulize Fundi kilichompata.

#44 Nyumba ya Tatu Pipeline
Asante Karani. Nikiandika malalamiko natakiwa niambatanishe kile kipande, au nitakuwa nami nimekisambaza?

#45 Karani Milimani
Usikitume kwa mtu mwingine yeyote. Piga picha ya skrini ya kikundi ionyeshe jina la aliyetuma, tarehe na saa, na kwanza muulize yule jirani wa juu kama anataka lifike huko. Ni sura yake, si yako.

#46 Fundi wa Luthuli
Na afanye haraka. Mashine ya ploti hiyo naijua, ina diski ndogo.

#47 Nyumba ya Tatu Pipeline
Unaijua vipi??

#48 Shemeji wa Kayole
Fundi, Rongai umefika?